Mkwamo wa Joto: Sayansi ya Mbavu za Ng'ombe Zipikwazo kwa Moshi

Mpishi anayepika mbavu za ng'ombe kwa moshi kwa mara ya kwanza hukutana na jambo asilolitarajia. Kwa muda wa saa mbili au tatu kipimajoto kilichochomekwa ndani ya mnofu hupanda vizuri, kutoka digrii 5 hadi 30, kisha 50, kisha 65. Halafu husimama. Moto unawaka kama ulivyokuwa ukiwaka, hewa ndani ya tanuri bado ina digrii 120 za Sentigredi, lakini nyama hukataa kupata joto zaidi. Saa moja hupita, kisha ya pili, pengine hata ya tatu. Hapo wengi huongeza kuni kwa wingi, na kwa kufanya hivyo huiharibu kazi ya siku nzima: mbavu hutoka zikiwa zimekauka kwa nje, ngumu kwa ndani na chungu kwa masizi.

Makala haya yanakusudia kueleza kinachotokea ndani ya mbavu hizo, kwani mpishi anayeelewa sababu ya mkwamo huo hana haja ya kuuogopa. Yanawahusu pia walimu wa fizikia, kemia na biolojia. Katika kipande kimoja cha nyama mna somo la joto fiche, la protini, la mwako na la mtawanyo wa mwanga, na sehemu kubwa ya somo hilo yaweza kufundishwa kwa jiko la mkaa, vitambaa viwili na vipimajoto viwili.

Upishi uliotoka buchani

Njia inayozungumzwa hapa ni ya kusini mwa Marekani, hasa jimbo la Texas. Katika karne ya 19 wahamiaji wengi kutoka Ujerumani na nchi ya Wacheki walikaa Texas ya kati, na baadhi yao wakafungua bucha. Siku hizo hapakuwa na majokofu. Nyama isiyonunuliwa, ambayo kwa kawaida ilikuwa ni vipande vigumu, ilitiwa moshi ili isioze, na wateja wakaanza kuipenda kuliko nyama mbichi. Watu weusi waliokuwa utumwani na vizazi vyao, pamoja na Wameksiko, nao walikuwa na ujuzi wao wa kuiva nyama polepole juu ya mashimo ya makaa, na upishi wa leo ni mchanganyiko wa mikono hiyo yote. Duka la Kreuz Market katika mji wa Lockhart lilianzishwa mwaka 1900. Lile la Louie Mueller, katika mji wa Taylor, lilianza mwaka 1949, na mbavu za ng'ombe ni miongoni mwa vitu vilivyolipatia jina.

Msomaji wa Afrika Mashariki atasema kwamba moshi si jambo geni kwake, na ni kweli. Kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika samaki hubanikwa juu ya moshi tangu zamani. Lakini nia ni tofauti kabisa. Mbanika samaki hutaka kuondoa maji ili samaki adumu na aweze kusafirishwa. Mpika mbavu hutaka maji mengi kadiri iwezekanavyo yabaki, huku kitu kingine ndani ya nyama kikiyeyuka. Kifaa ni kile kile, ila lengo limegeuka, na ndiyo maana uzoefu wa kazi moja hauwezi kuhamishiwa katika kazi nyingine bila kufikiri.

Msuli unaobeba ng'ombe

Ng'ombe ana jozi 13 za mbavu, na si zote zifaazo. Zile za mgongoni, karibu na uti, huwa zimekwisha kunyang'anywa mnofu wake mzuri na muuza nyama, na kinachobaki ni nyama kidogo katikati ya mifupa. Zifaazo ni zile zilizo chini ya bega, na hasa ubavu wa sita hadi wa nane kwa upande wa chini, ambako mnofu mnene hulala juu ya mfupa. Katika bucha nyingi za Afrika Mashariki mbavu hukatwakatwa kwa shoka kuwa vipande vidogo vya mchuzi. Anayetaka kupika kwa moshi hana budi kumwomba muuza nyama mapema amwachie pande zima la mifupa mitatu pamoja na mnofu wake.

Msuli mpana unaolala juu ya mbavu hizi una kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ng'ombe hana mtulinga, yaani ule mfupa unaounganisha bega na kifua kwa binadamu. Kiwiliwili chake hakikupachikwa juu ya miguu ya mbele kwa mfupa. Kimening'inizwa katikati ya miguu hiyo kwa misuli, kama mzigo ndani ya machela. Msuli huu wa mbavuni ni sehemu ya machela hiyo, nao hubeba uzito tangu ndama asimame hadi siku ya kuchinjwa. Msuli ufanyao kazi hivyo hufungwa kwa utando mwingi wa protini iitwayo kolajeni, na hiyo ndiyo asili ya ugumu wake.

Kolajeni ni kamba. Kila molekuli yake ina nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, na muundo huo ulipendekezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1954 na wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Madras nchini India, G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha. Kamba hizo hufungamana zenyewe kwa zenyewe kwa viunganishi vya kikemia, na mnyama anavyozidi kuzeeka ndivyo viunganishi vinavyozidi kukomaa na kustahimili joto. Hilo ni muhimu kwetu. Mbavu zipikwazo Texas hutoka kwa kawaida kwa ng'ombe walionenepeshwa kwa nafaka na kuchinjwa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Ng'ombe aina ya zebu aliyetembea malishoni miaka mitano au sita ana kolajeni iliyokomaa zaidi na mafuta machache zaidi ndani ya mnofu. Anayefuata saa za Texas kwa mbavu za zebu atakula nyama ngumu, kisha atailaumu njia.

Kila aliyewahi kunywa supu ya makongoro ameona kinachotakiwa kutokea. Supu ikipoa huganda na kutetemeka. Kilichoigandisha ni jelatini, ambayo ni kolajeni iliyofumuliwa: zile nyuzi tatu zimeachana katika maji ya moto na kila moja inaelea peke yake. Kupika mbavu vizuri ni kuigeuza kolajeni ya mbavuni kuwa jelatini papo hapo ndani ya mnofu, bila sufuria na bila maji ya kuongeza.

Saa mbili zinazoshindana

Ndani ya nyama iliyo motoni mna mambo mawili yanayokwenda kwa mwendo tofauti. La kwanza ni protini za misuli yenyewe. Hizi huharibika umbo haraka, baadhi zikianzia karibu na digrii 50 na nyingine zikifuata kati ya digrii 65 na 80. Zikiharibika hujikunja na kuachia maji yao, na jambo hilo huisha katika dakika chache.

La pili ni kolajeni. Kufikia digrii 60 hadi 65 kolajeni haiyeyuki bado. Kwanza hujivuta na kufupika, nayo huukamua msuli kama mtu akamuavyo nguo. Kwa hiyo mbavu zilizo katika digrii 68 ziko katika hali mbaya kuliko wakati wowote mwingine: misuli imekwisha kukauka, na kamba zimekazwa badala ya kulegea. Kuanzia digrii 70 hivi kolajeni huanza kugeuka jelatini kwa kasi inayoonekana, na kasi hiyo huongezeka sana joto linapopanda kuelekea digrii 90. Hata hivyo ni kazi ya saa kadhaa, wala si ya dakika.

Hapa ndipo nyama choma na nyama ya moshi zinapoachana. Mbavu za mbuzi mchanga zina kolajeni changa na ni nyembamba. Moto wa makaa unazitosha, nazo hulika kabla ubaya wa digrii 68 haujapata nafasi ya kudhuru sana. Mbavu za ng'ombe hazina njia hiyo ya mkato. Haziwezi kuliwa kabla ya ubaya, ila baada ya kuupita.

Kwa nini kipimajoto husimama

Jibu la kwanza linalokuja akilini ni kwamba nyama ni nene na joto hupenya polepole. Jibu hili linaweza kupimwa kwa hesabu. Muda wa joto kupenya hufuata mraba wa umbali. Kwa nyama, ambayo hupitisha joto kwa kiasi cha milimita mraba 0.13 kwa sekunde, umbali wa milimita 25 kutoka nje hadi katikati ya mnofu wa sentimita 5 huhitaji takriban sekunde 4,800, yaani dakika 80. Lakini mbavu hukaa ndani ya tanuri saa saba, nane au zaidi. Unene peke yake hauwezi kueleza saa hizo zote.

Kwa muda mrefu wapishi wa Texas waliamini kwamba mkwamo husababishwa na kolajeni inayofyonza joto ili iyeyuke, au na mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mwanafizikia wa Marekani, Greg Blonder, alilipima jambo hili kwa njia ambayo mwalimu yeyote ataipenda kwa wepesi wake. Alitia tanurini sponji lililoloweshwa maji na bonge la mafuta ya ng'ombe. Bonge la mafuta lilipanda joto bila kusita. Sponji, ambalo halina kolajeni wala mafuta hata kidogo, lilikwama kama nyama ikwamavyo. Kilichobaki kushukiwa kilikuwa ni maji.

Kila nyumba yenye mtungi inaijua kanuni hii. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu kiasi kidogo hupenya udongo, hufika nje na kugeuka mvuke, na kila gramu igeukayo mvuke huondoka na joto lake. Mbavu zilizo motoni ni mtungi uliowekwa katika hewa ya digrii 120. Kolajeni inayojivuta hukamua maji hadi juu ya mnofu. Huko yanageuka mvuke. Na joto linaloingia kutoka hewani hutumika karibu lote kuyavukiza, lisibaki la kupandisha joto la nyama.

Ukubwa wa jambo lenyewe unashangaza. Tuchukue kilo moja ya mnofu inayotoka digrii 5 hadi 95. Joto mahususi la nyama likiwa kilojuli 3.3 kwa kilo kwa digrii moja, kuipandisha digrii 90 kunahitaji kilojuli 297 hivi. Sasa tuseme katika muda huo imepoteza robo kilo ya maji kwa mvuke. Kuvukiza gramu moja ya maji katika joto hilo kunahitaji kilojuli 2.35 hivi, kwa hiyo gramu 250 zitahitaji kilojuli 590 hivi. Yaani joto lililokwenda na mvuke ni karibu mara mbili ya joto lililobaki kuiva nyama. Tanuri la moshi, kwa hesabu hii, ni mashine ya kukaushia maji ambayo kwa bahati nzuri hupika pia.

Mkwamo huisha pale uso wa nyama unapokauka kiasi kwamba maji ya ndani hayafiki nje upesi kama zamani. Hapo joto huanza kupanda tena. Huweza pia kukatizwa kwa makusudi. Mpishi akizifunga mbavu katika karatasi ya alumini, hewa iliyo ndani ya kifurushi hujaa mvuke, maji hayana pa kwenda, na joto hupanda mara moja. Hasara ya alumini ni kwamba lile ganda jeusi lenye harufu nzuri hulowana na kulegea. Wapishi wengi wa Texas hutumia karatasi nene ya kaki isiyo na nta, inayopitisha mvuke kidogo. Ganda hubaki, na muda hupungua. Kwa mbavu za zebu, ambazo hazina mafuta mengi ya kuzilinda, kufunga si anasa. Zinastahili kufungwa, na zifungwe mapema.

Moshi mwembamba na moshi mzito

Kuni hazitoi moshi wa namna moja. Zinapopashwa joto, sehemu zake huvunjika kwa zamu: hemiselulosi kwanza, kuanzia digrii 200 na ushei, kisha selulosi, na lignini, ile gundi inayoufanya mti uwe mti, huvunjika polepole hadi joto kubwa zaidi. Lignini ndiyo inayotoa guaiakoli na siringoli, kemikali mbili zenye sehemu kubwa katika harufu na ladha ya chakula cha moshi.

Dalili ya moshi mzuri ni rangi yake. Moto unaopata hewa ya kutosha hutoa moshi mwembamba, karibu usionekane, wenye rangi ya samawati. Moto ulionyimwa hewa, au wenye kuni mbichi, hutoa moshi mweupe mzito. Tofauti ni ukubwa wa chembe. Chembe ndogo kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga hutawanya zaidi mwanga wa samawati, kama alivyoeleza Lord Rayleigh mwaka 1871 kuhusu rangi ya anga. Matone makubwa ya maji na lami hutawanya rangi zote sawasawa, na jicho huona weupe. Matone hayo makubwa yakitua juu ya nyama huleta uchungu usioondoka. Kwa hiyo bomba la dohani halifungwi. Joto hupunguzwa kwa kupunguza kuni, wala si kwa kuuziba moto pumzi. Desturi ya kulowesha kuni ili zitoe moshi mwingi nayo haina faida, kwani maji hayo lazima yavukizwe kwanza, na moto hupoa bure.

Kuni za Texas ya kati ni mwaloni. Katika sehemu kavu zaidi za jimbo hilo hutumiwa mti wa jamii ya Prosopis, wenye miiba, unaowaka kwa joto kali na moshi wenye ladha nzito. Ndugu yake wa karibu anafahamika sana Kenya. Ni Prosopis juliflora, aliyepandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, akaenea kupita kiasi, na wananchi wakampa jina la mathenge. Huko hukatwa na kuchomwa mkaa. Kwa mbavu, kuni zake zilizokauka vizuri zingefaa, mradi zitumiwe kwa kiasi na pamoja na mti mpole zaidi kama mpera. Misonobari na miti mingine yenye utomvu isitumike kabisa.

Mwanafunzi atakayekata mbavu zilizoiva ataona ukanda wa rangi ya waridi chini ya ganda, na huenda akadhani nyama ni mbichi. Sivyo. Moto wa kuni hutoa gesi za naitriki oksidi na kaboni monoksidi. Gesi hizi hupenya milimita chache ndani ya mnofu na kushikamana na mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake, na rangi hiyo haipotei tena kwa joto. Ladha haiongezeki wala haipungui kwa sababu ya ukanda huo, ingawa wapishi hujivunia sana.

Kazi yenyewe

Tanuri laweza kufuliwa na fundi yeyote wa chuma kutokana na pipa la lita 200 lililolazwa, lenye sanduku la moto ubavuni na dohani upande wa pili, ili moshi na joto vipite juu ya nyama bila mwali kuigusa. Pipa lililokuwa na dawa za kilimo au kemikali za kiwandani lisitumike hata likisafishwa. Mabati yasiwekwe karibu na moto, kwani zinki yake ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu.

Mbavu hutiwa chumvi usiku wa kuamkia siku ya kazi, takriban gramu 10 kwa kila kilo, ili chumvi ipate muda wa kupenya. Asubuhi huongezwa pilipili manga iliyosagwa isiwe laini sana, na kwa kweli hakuna kingine kinachohitajika. Moto huwashwa saa nzima kabla, hadi kuwe na makaa mengi na moshi uwe umesafika. Mbavu huingizwa zikiwa bado baridi, mifupa ikiwa chini. Moshi hutua kwa wepesi zaidi juu ya kitu baridi chenye unyevu. Hewa ya tanuri hushikiliwa karibu na digrii 120. Ikipanda hadi 130 au ikishuka hadi 110 hakuna madhara, na mpishi anayekimbizana na kila digrii atachoka bure. Kijiti kimoja cha kuni kikavu, unene wa kifundo cha mkono, huongezwa kila baada ya nusu saa au dakika 40. Mfuniko haufunguliwi ovyo.

Baada ya saa nne au tano, rangi ikishakuwa nyeusi ya kahawa na ganda halibanduki kwa ukucha, mbavu hufungwa katika karatasi na kurudishwa. Kutoka hapo swali ni moja: zimeiva lini?

Vitabu vya Texas hujibu kwa tarakimu, kwa kawaida digrii 203 za Farenhaiti, ambazo ni sawa na 95 za Sentigredi. Tarakimu hiyo haina budi kusomwa kwa uangalifu katika nchi zetu. Maji huchemka katika digrii 100 usawa wa bahari tu, na kwa kila mita 300 za mwinuko kiwango hicho hushuka kwa digrii moja hivi. Texas ya kati ni nchi ya chini, na Dar es Salaam na Mombasa zi pwani. Lakini Nairobi na Mbeya ziko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka karibu na digrii 94. Nyama yenye unyevu haiwezi kuwa na joto kupita kiwango cha kuchemka kwa maji yake. Mpishi wa Nairobi anayesubiri digrii 95 anasubiri kitu ambacho hakitakuja mpaka mbavu ziwe zimekauka kabisa, na kwa yule wa Njombe, karibu mita 2,000, hali ni mbaya zaidi.

Kipimo cha kweli si tarakimu. Ni kijiti chembamba cha chuma kinachochomekwa katikati ya mfupa na mfupa: kikizama na kutoka kama katika siagi laini, kolajeni imekwisha kugeuka. Mahali pa chini hilo hutokea kati ya digrii 93 na 97. Nyanda za juu lazima litokee chini kidogo, na muda urefushwe kufidia. Kwa zebu mzee saa kumi si ajabu.

Mbavu zikiiva huachwa zipumzike zikiwa zimefungwa, saa moja au zaidi, hadi zifike digrii 65 hivi. Jelatini huanza kuwa nzito, na maji hayamwagiki kisu kinapopita. Zisiachwe kwa saa nyingi chini ya digrii 60, kwa maana hapo bakteria hupata tena nafasi.

Hatari zisizoonekana

Minyoo tegu, ambayo vifuko vyake huweza kuwamo katika nyama ya ng'ombe, si hatari katika upishi huu, kwani hufa joto linapozidi digrii 60. Hatari nyingine ni za kweli. Kaboni monoksidi haina harufu. Tanuri la moshi halitumiwi ndani ya nyumba wala katika banda lililozibwa, hata mvua ikinyesha.

Ya pili ni ya muda mrefu. Mafuta yanayodondokea makaa, na kuni zinazowaka vibaya, hutoa kemikali za jamii ya benzopirini, zinazosababisha saratani. Umoja wa Ulaya, kuanzia Septemba 2014, umeweka mpaka wa mikrogramu 2 za benzopirini kwa kila kilo ya nyama ya moshi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama iliyosindikwa, pamoja na ile ya moshi, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Tanuri lenye moto pembeni hupunguza kemikali hizo kwa sababu mafuta hayadondokei makaa, haliziondoi zote. Mbavu hizi ni chakula cha sikukuu. Anayezila kila siku anajitafutia madhara, na hapana ufundi wa moto utakaombadilishia hesabu hiyo.

Jaribio la darasani

Vitambaa viwili vya pamba vya ukubwa sawa huloweshwa, hukamuliwa kidogo, hupimwa uzito, na kila kimoja huviringishwa kuzunguka kipimajoto cha spiriti. Kipimajoto cha zebaki kisitumiwe karibu na jiko, na kisiguse chakula kamwe. Kitambaa cha kwanza huachwa wazi. Cha pili hufungwa barabara katika karatasi ya alumini. Vyote viwili huning'inizwa ndani ya debe kubwa lililo wazi juu, ambalo hewa yake imepashwa joto kwa jiko hadi digrii 80 au 90, na wanafunzi husoma joto kila baada ya dakika tano na kuchora grafu mbili juu ya karatasi moja.

Kitambaa kilichofungwa kitapanda kuelekea joto la hewa. Kilicho wazi kitapanda, kitakwama kwa muda, kisha kitapanda tena kitakapoanza kukauka. Mwishoni vitambaa hupimwa uzito tena, na kutokana na gramu zilizopotea wanafunzi hukokotoa kilojuli zilizoondoka na mvuke. Darasa lenye muda laweza kurudia jaribio huku mwanafunzi mmoja akipeperusha hewa ya moto ndani ya debe kwa kipepeo, na kabla ya kusoma vipimajoto kila mmoja aandike katika daftari lake kama anatarajia mkwamo utakuwa juu zaidi au chini zaidi, na kwa sababu gani.